Njia ya Kampala hadi Busia na Hatari Itokayo Nyuma

Barabara itokayo Kampala kwenda mpakani Busia ina urefu wa karibu kilomita 200, nayo ni sehemu ya njia kuu ya bandari. Mafuta, saruji, mbolea, nguo, dawa na vyuma vishukavyo melini Mombasa hupita humo kwenda Kampala, na shehena nyingine huendelea hadi Kigali, Goma na Juba. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori na tela lake, likiwa na ekseli saba, kufikia tani 56. Juu ya lami hiyo hiyo, na mara nyingi hatua chache tu mbele ya lori hilo, huenda pikipiki ambayo uzito wake haufiki kilo 130, imempakia fundi, mwalimu, askari aliye likizoni, au mama na mtoto wake.

Juu ya ajali za pikipiki mengi yamekwisha kuandikwa, na karibu yote huhusu yale yaliyo mbele ya mpandaji: mwendo wa kasi, kulipita gari jingine kwenye kona, ulevi. Ni haki kuandika hivyo, kwa maana ajali nyingi huanzia mbele. Lakini liko pia pigo litokalo nyuma, nalo lina ubaya wa namna yake, kwa kuwa apigwaye hakuona kitu. Katika gari, bampa na buti ndivyo vinavyolipokea pigo kwanza. Kwenye pikipiki hupokewa na mgongo wa abiria. Wasomaji wetu wengi huitumia pikipiki kwenda zamu, kurudi kambini na kuwapeleka watoto shule, na kwa hiyo yafaa tuitazame njia hii kwa jicho hilo moja, la nyuma.

Niliisafiri pamoja na sajini mstaafu wa polisi, aliyefanya kazi ya usalama barabarani kwa miaka mingi. Yeye alikuwa juu ya pikipiki yake, nami juu ya yangu. Tangu mwanzo alinikataza kumtaja jina, akasema ya kwamba mambo atakayonieleza hujulikana na kila askari aliyewahi kushika futi kamba na kupima alama za matairi juu ya lami.

Nilidhani tungeondoka alfajiri, kama ilivyo desturi ya wasafiri wa mbali. Sajini hakupendezwa na shauri hilo.

"Bwana mwandishi," alisema, "tunaelekea mashariki. Saa moja na nusu jua litakuwa machoni mwetu, nalo litakuwa machoni mwa kila dereva aliye nyuma yetu. Wewe wamwona aliye mbele kwa shida, na yule wa nyuma akuonaje? Tazama kivuli chako. Kikilala nyuma yako, ujue aliye huko hakuoni vema."

Basi tuliondoka saa nne, jua likiwa limepanda. Kabla ya hapo alizunguka nyuma ya pikipiki yangu, akaniambia nibonyeze breki ya mkono, kisha ya mguu, huku yeye akiitazama taa. Alifanya vivyo hivyo kwa ya kwake. Pikipiki nyingi, alisema, huwasha taa kwa breki moja tu, maana ile springi ndogo iliyo karibu na kanyagio la mguu imekatika au imelegea, na mwenyewe hana habari kwa sababu hakai nyuma ya pikipiki yake akaitazama. Anayetegemea breki ya mguu huenda amekuwa akisimama mbele ya malori kwa miezi mingi bila ya kumwarifu mtu. Kisha alivigeuza vioo vyangu nje kidogo, mpaka nikaacha kuviona viwiko vyangu nikaiona barabara. Juu ya vijana wang'oao vioo ili wapenye vizuri kati ya magari, alisema neno moja la kambini ambalo sitaliandika katika ukurasa usomwao na watoto.

KATIKA MSONGAMANO WA KAMPALA

Kutoka taa za Barabara ya Jinja, kupita Lugogo na Nakawa, hadi Kireka na Bweyogerere, ambako njia ya kuzungukia kaskazini mwa mji iliyofunguliwa mwaka 2009 huungana na barabara kuu, magari huenda na kusimama, huenda na kusimama. Mabasi madogo, ambayo hapa huitwa teksi, huchepuka wakati wowote kuchukua abiria. Mtu angedhani mahali penye mwendo mdogo hapana hatari kubwa. Lakini mpandaji aliyesimama nyuma ya lori, akapigwa na gari dogo liendalo kilomita 25 tu kwa saa, hana mahali pa kwenda isipokuwa chini ya lori.

Nilimtazama mwenzangu jinsi alivyosimama. Hakusimama hata mara moja katikati kabisa ya mgongo wa gari lililo mbele. Alisimama upande, gurudumu lake la mbele likielekea uwazi ulio kati ya safu mbili za magari, akiacha nafasi mbele yake ya kuweza kuyaona matairi ya gari lile yakiigusa lami. Gia aliiacha ikiwa imeingia, klachi ameishika, na kidole chake kiliigusagusa breki ili taa ya nyuma iwake na kuzimika. Macho yalikuwa kiooni. Magari mawili yalipokwisha kusimama sawasawa nyuma yake, ndipo alipolegeza mabega. Kwa nini mawili? Kwa sababu la kwanza laweza kusukumwa na la pili, lakini mawili kwa pamoja ni ukuta wa kutosha.

Hapo mtu atauliza, je, si afadhali kupenya kati ya magari na kwenda mbele kabisa, kama wafanyavyo vijana wa bodaboda? Jawabu si jepesi. Katika jimbo la California huko Marekani, ambako sheria haikatazi kupita kati ya safu, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walitoa taarifa mwaka 2015 juu ya wapanda pikipiki karibu 6,000 waliopata ajali. Kati ya waliokuwa wakipita kati ya safu, waliogongwa kwa nyuma walikuwa 2.6 kwa mia; kati ya wengine walikuwa 4.6 kwa mia. Basi kupenya hupunguza pigo la nyuma. Lakini taarifa hiyo hiyo ilionyesha ya kwamba wapenyao ndio waliogonga zaidi migongo ya wengine, 38 kwa mia dhidi ya 16. Mtu amekwepa kupigwa, akapiga yeye. Sajini hakuwa amezisikia hesabu hizo, wala hazikumshangaza. Yeye hupenya magari yanapokuwa yamesimama au yakitambaa tu, polepole kiasi cha kuweza kusimama endapo mlango utafunguliwa ghafula, na hapenyi kamwe kati ya malori mawili.

Huko mbele nako pana mtego wake. Nakawa tulimkuta kijana wa bodaboda amejipenyeza hadi mbele ya lori refu, akasimama chini ya pua yake, karibu kiasi cha kuweza kuligusa kwa mkono. Abiria wake, mwanamke mwenye kikapu, alikuwa akipepewa na joto la injini.

"Kijana," sajini alimwita.

"Ndiyo, mzee."

"Dereva wa lori hilo anakuona?"

"Ananiona, mzee. Taa zake hizi hapa zinanitazama."

"Taa hazina macho, mwanangu. Mtafute dereva mwenyewe."

Kijana aligeuza shingo, akatazama juu. Hakuona dereva. Aliona chuma, na juu ya chuma ukingo wa kioo, na juu ya kioo mbingu. Akasogea upande bila ya kuambiwa tena. Ndivyo ilivyo: dereva wa lori refu huketi juu sana, na mahali palipo karibu na pua ya lori lake hapaonekani kutoka kitini. Taa ya kijani ikiwaka, yeye huona njia tupu mbele yake, naye huondoka. Anayetaka kwenda mbele ya magari na asimame mbele ya gari dogo, au aende mbali mbele ya lori mpaka amwone dereva uso kwa uso.

MSITU WA MABIRA

Baada ya Mukono barabara hufunguka na mwendo huongezeka. Pale Namawojjolo, na mbele zaidi pale Najjembe ndani ya msitu, wachuuzi wenye makoti ya rangi huyakimbilia magari wakiwa na vijiti vya kuku wa kuchoma, gonja za moto na maji baridi. Ni chakula kizuri, nacho nakisifu. Lakini harufu yake imewafanya watu wengi wakanyage breki bila ya kufikiri. Sajini alianza kuonyesha indiketa mapema sana, akaigusa breki mara tatu kwa wepesi, akaiacha lami kabisa, ndipo akasimama. Yeye hudai ya kwamba kusimama ni kazi ya kutangaza kwanza, na kutenda baadaye.

Alinieleza jambo ambalo madereva wengi wa pikipiki hulitenda bila ya kulijua madhara yake. Mtu akitaka kupunguza mwendo huachia mafuta tu, au hushusha gia, na injini yenyewe huishika pikipiki. Huo ni uendeshaji mzuri, tena huhifadhi breki. Lakini taa ya nyuma haiwaki. Kwa dereva wa nyuma, pikipiki hiyo bado inakwenda kwa mwendo wake ule ule, mpaka ghafula imekuwa kubwa mbele ya macho yake. Basi kila apunguzapo mwendo kwa injini, na aiguse breki ya mkono kwa kidole kimoja, kiasi cha kuwasha taa tu.

Msitu wa Mabira wenyewe, wenye eneo la kilomita za mraba karibu 300, ni kivuli kitupu. Mtu atokaye kwenye jua kali akiingia chini ya miti ile, macho yake hukawia kuzoea, na dereva wa lori ni mtu kama wengine. Kwa muda mfupi pikipiki yenye vumbi, iliyopandwa na mtu mwenye koti jeusi, hufanana na kivuli chenyewe. Aidha kuna miteremko. Lori lenye mzigo likiteremka, dereva wake hapendi kulivunja mwendo, kwa kuwa ataka kupata nguvu za kupandia kilima kinachofuata. Lori la kilomita 80 kwa saa huenda mita 22 kila sekunde. Tangu dereva aone hadi mguu wake ukanyage breki, sekunde moja na nusu huweza kupita, na mita 33 zimekwisha kwenda kabla breki haijaanza kazi. Breki zenyewe ni za upepo, nao upepo nao hutaka muda wake wa kufika magurudumuni.

Katikati ya msitu lori moja lilitujia nyuma mpaka nikausikia mngurumo wake kifuani. Nilimwona mwenzangu akifanya kinyume cha nilivyotazamia. Hakuongeza mwendo. Alijitenga zaidi na gari lililokuwa mbele yetu, ikapatikana nafasi kubwa, kisha akasogea kushoto penye upana, akaashiria kwa mkono, lori likatupita. Baadaye tuliposimama akaniambia, "Huwezi kumwongezea mtu wa nyuma akili, lakini waweza kujiongezea nafasi mbele. Mwenye nafasi mbele hana haja ya kufunga breki kwa nguvu, na asiyefunga breki kwa nguvu hapandwi mgongoni." Kukimbia mbele ya lori ni kazi bure, maana kitatokea kijiji, tutokee matuta, na lori bado lipo.

Mto Nile tuliuvuka adhuhuri. Daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 17, mwaka 2018, lina urefu wa mita 525, na nyaya zake huonekana kutoka mbali kama nyuzi za zeze. Wapo wasafiri wapunguzao mwendo juu yake ili watazame maji. Anayetaka kuuona mto na ashuke mjini Jinja, kuna mahali pa kuketi kwa starehe.

MIWA, NA MAHALI PASIPO NA JINA

Kuanzia Kakira, ambako familia ya Madhvani ilianzisha kiwanda cha sukari mnamo mwaka 1930, barabara huingiliwa na magari ya miwa. Miwa hupangwa juu mpaka ikazidi kimo cha gari, ikaning'inia nyuma, na nyingine huanguka barabarani. Nyuma ya gari kama hilo mpanda pikipiki hutaabika mara mbili: haoni mbele, naye hufichwa asionekane na wanaotoka mbele. Tena akikanyaga muwa ulioanguka, breki zake hazina faida. Sajini hakukaa nyuma ya miwa hata dakika moja. Aidha alipita palipo wazi, aidha alikaa mbali nyuma. Hapo nilijifunza pia juu ya matuta. Mpandaji hupenda kulikwepa tuta kwa kupita ukingoni, penye mwanya mdogo, kisha hurudi katikati ya njia upande wa pili. Wakati huo huo dereva wa basi dogo ameliruka tuta na kuongeza mwendo, na huyo hapo pikipiki imemwingilia mbele ghafula. Ni afadhali kulipanda tuta kama watu wote.

Mbele ya Iganga, ukielekea Bugiri, barabara hupita katikati ya mashamba na vituo vidogo vya biashara, na nyumba za watu ziko pande zote mbili. Mahali fulani pasipo na jina kwenye ramani, sajini alipunguza mwendo, akanyosha kidole kuelekea upande wa kulia, asishuke. Palikuwa na mwembe na njia nyembamba ya udongo mwekundu.

Koplo mmoja, alisimulia, alikuwa akirudi kwao likizoni, jioni ya mkesha wa Krismasi, miaka mingi iliyopita. Nyuma ya pikipiki amefunga mkungu wa ndizi na juu yake godoro jipya. Njia ya kwao ilikuwa ile ya kulia. Kulikuwa na basi lililotoka upande wa Busia, akasimama katikati ya barabara kulingojea lipite, mguu mmoja chini, indiketa ikiwaka vizuri nyuma ya godoro. Lori lilikuwa linatoka Kampala.

"Nilipima alama," sajini alisema. "Zilianza mita nne kabla ya mahali alipokuwa. Dereva hakuwa mlevi. Mwendo wake haukupita kiasi. Kwake yeye barabara ilikuwa tupu, mpaka ikawa si tupu. Mkewe koplo aliitambua sauti ya pikipiki ile akiwa uani, akamtuma mtoto aende barabarani akapokee mizigo."

Tulikaa kimya kidogo, magari yakipita.

Kwa wapandao pikipiki katika nchi ziendazo kushoto, kama Uganda, Kenya na Tanzania, kukata kulia ni hatari kubwa kuliko zote za namna hii. Mpandaji husimama mahali ambapo hakuna atazamiaye kumwona mtu amesimama, huku magari ya upande wake yakimjia kwa mwendo kamili. Sajini alinionyesha namna yake kwenye njia iliyofuata. Alitoka kushoto, akaiacha lami kabisa, akasimama udongoni huku pikipiki ikielekea ng'ambo. Alingoja mpaka pande zote mbili zikawa tupu. Kisha akavuka moja kwa moja kama avukavyo mtu wa miguu. Ilimgharimu dakika mbili. Pale ambapo hapana budi kungoja katikati, mjini kwa mfano, kuna jambo moja la kukumbuka: gurudumu la mbele lisigeuzwe kulia mapema. Likiwa limegeuzwa, pigo dogo la nyuma humsukuma mpandaji hadi mbele ya magari yatokayo upande mwingine. Likiwa limenyoka, humsukuma mbele tu, katika njia yake mwenyewe.

KWA AKINA MAMA NA WALIO NYUMBANI

Mambo mengi ya safari hutengenezwa nyumbani, na mke wa askari ana sauti kubwa katika hili kuliko ofisa wake. Mizigo hufungwa uani. Kabla pikipiki haijaondoka, mtu mmoja na aende nyuma hatua ishirini, atazame. Je, taa yaonekana? Indiketa zaonekana? Gunia la mkaa, madumu ya maji, mkungu wa ndizi, godoro, yote hufungwa kwa kamba nzuri na kwa uangalifu mwingi, na taa husahauliwa. Tope la masika hali kadhalika huifunika taa kana kwamba imepakwa rangi, na kitambaa chenye maji chatosha kuisafisha.

Lipo na jambo la koti ling'aalo. Wapandaji wengi siku hizi wanalo, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini abiria akiketi nyuma, yeye humfunika mpandaji na koti lake lote. Kwa aliye nyuma hakuna koti. Kuna mgongo wa abiria aliyevaa nguo ya kawaida. Basi koti livaliwe na abiria, au wawe nayo wote wawili. Fundi cherehani aweza kushona ukanda ung'aao juu ya mkoba wa shule na juu ya koti la mvua. Leso na mkia wa gomesi vifungwe vizuri, kwanza visinaswe na mnyororo, pili visiifunike taa.

La mwisho katika haya ni zito, nami sikupata njia nyepesi ya kuliandika. Mama akipanda nyuma ya pikipiki na mtoto amefungwa mgongoni, mtoto yule ndiye aliye nyuma kuliko wote. Lori likija, yeye ndiye bampa ya familia nzima. Sheria za Uganda huruhusu abiria mmoja tu juu ya pikipiki, lakini si kwa ajili ya sheria peke yake ninasema hivi. Njia za ndani ya kijiji, zenye mwendo wa polepole, ni jambo la watu kuamua wenyewe. Kwenye barabara kuu, mama mwenye mtoto na apande basi dogo, baba aje na pikipiki na mizigo. Nauli hiyo isipopatikana, safari ingoje mshahara.

Kuhusu mvua, hakuna mengi ya kusema, ila mazoea ya kukusanyika chini ya mti ulio ukingoni mwa lami, pikipiki kumi na watu ishirini, wakati madereva hawaoni mbele kwa maji, hayana budi kukoma. Kibaraza cha duka au kituo cha mafuta hakiko mbali.

BUSIA

Kabla ya mpaka barabara hugawanyika, tawi moja likienda Tororo na Malaba, jingine likishuka Busia. Tuliingia Busia saa kumi na moja jioni, tukapita kando ya safu ndefu ya malori yaliyokuwa yakingojea zamu. Tangu mwaka 2018, ilipozinduliwa rasmi ofisi ya pamoja ya Uganda na Kenya, msafiri hukamilisha shughuli zake mara moja tu katika upande aingiao. Madereva walikuwa wamekaa chini ya matela yao wakipika chai, wakizungumza Kiswahili cha Mombasa, cha Nakuru na cha Kampala, kila mtu na lahaja yake. Nilimuuliza mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, anaonaje pikipiki. Hakuzichukia, kama nilivyotazamia. Alisema usiku hukodoa macho mpaka yakauma kwa ajili yao, na ya kwamba taa moja ndogo nyekundu humpa raha moyoni, kwa kuwa ajua pale pana mtu.

Ni mpakani huku, yasemekana, ndiko lilikozaliwa jina la bodaboda. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliwabeba wasafiri na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, wakiita kwa Kiingereza cha haraka neno la mpaka, mara mbili mbili. Baiskeli bado zipo, ingawa pikipiki zimezizidi kwa wingi. Sajini alisimama mbele ya moja iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akainama kulitazama bamba lake la matope la nyuma. Mwenyewe, mzee wa makamo, alikuwa amelifunga kwa waya kipande cha kioo chekundu cha taa ya gari lililovunjika, akakisugua mpaka kikang'aa.

"Umefanya vema, ndugu," sajini alimwambia.

"Ndiyo hiyo, afande," akajibu yule mzee, maana alimtambua kuwa askari kwa jinsi alivyosimama. "Nina wajukuu."

Tulilala Busia. Safari ya kurudi ilikuwa ya kuelekea magharibi, kwa hiyo mara hii sajini hakuwa na sababu ya kuchelewa asubuhi. Tulikunywa chai, tukafuta taa, tukabonyeza breki moja baada ya nyingine, na saa moja na nusu, jua likiwa mgongoni, tukaondoka huku vivuli vyetu virefu vimetutangulia juu ya lami.